Mlinzi wa Lango la Mbele

Dada yangu alinikataza kuandamana kwa sababu ya mikono yangu. Alisema ulimi wangu anaweza kuuvumilia, lakini mikono yangu ina haraka, na kofi moja tu kutoka upande wetu lingetosha kuharibu kila kitu. Basi wenzangu wa chumba cha kufulia walipokuwa wakienda kusimama mbele ya lango kuu la hospitali kila asubuhi, mimi nilipita mlango wa nyuma, nikawasha pasi, nikaanza kunyoosha mashuka huku nasaga meno.

Sisi ni watu wa ng'ambo ya mfereji. Babu zetu waliletwa kuuchimba, wakauchimba, na ulipokwisha wakaambiwa wakae upande wa pili na wasivuke bila shughuli. Shughuli tunazo. Tunafua, tunasukuma toroli, tunapiga deki sakafu ambazo hatukanyagi kwa viatu. Ila lango la mbele si letu. Mtu wa ng'ambo, awe mfanyakazi awe mgonjwa, huzunguka ukuta mzima hadi kwenye mlango wa nyuma, unakotolewa taka na maiti. Hakuna kibao kinachosema hivyo. Ukiuliza utaambiwa ndivyo ilivyo, na "ndivyo ilivyo" haina mwenyewe unayeweza kumshtaki.

Aliyeamua kuligusa jambo hilo ni dada yangu. Watu humwita Mwalimu kwa kuwa anafundisha Shule ya Jumapili. Siku za kazi anafua mashuka yenye damu, Jumapili anawafundisha watoto kwamba Yesu aliwaombea waliompigilia misumari, na kwake hizo ni kazi moja. Alikuwa amesoma habari za watu wa nchi za mbali walioongoza wenzao kudai haki huku wameshika Injili, wakapigwa bila kurudisha, wakafungwa wakiimba, na alizisimulia kana kwamba watu hao ni wajomba zetu. "Hawakuwa malaika," alikuwa akisema. "Walikuwa na wake wa kuwanunia na viatu vya kuwabana. Ila waliamua kwamba anayewapiga naye ni mtu." Mimi nilikuwa namjibu kwamba viatu vya kubana ninavyo tayari, hayo mengine tumwachie Mungu.

Jumamosi alasiri tulifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa. Viti vilisogezwa ukutani, watu wakajipanga mstari, na mmoja akaigiza mlinzi. Kazi yake ilikuwa kutukana, kusukuma, kumwagia watu maji, kuwavuta nguo, na kazi ya wengine ilikuwa kusimama mikono chini bila kujibu. Mlinzi nilikuwa mimi. Dada alisema hakuna anayenifikia, na kusema kweli hakukuwa na anayenifikia. Shemasi mmoja aliomba nipunguze kidogo kwa kuwa nilikuwa nimeshamgusa marehemu mama yake. Mzee anayesukuma toroli za nguo chafu, tunamwita Babu Toroli, alisema akitoka mikononi mwangu hata kuzimu atapaona pa kupumzikia.

Nilijifurahisha, sikatai. Lakini kila Jumamosi mazoezi yalipokwisha wao walirudi nyumbani wakiwa wanajeshi wa upendo, na mimi nikarudi nikiwa yule yule mwenye mikono ya haraka. Hakuna aliyeniuliza kama nami nataka kujifunza kusimama.

Na mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote.

Kabla hata ya mazoezi hayo kuanza, mume wangu alianguka uani akiwa anachota maji. Kifua. Majirani walimweka kwenye mkokoteni, tukavuka daraja mbio, na kwa kuwa lango la mbele ndilo lililo karibu na daraja, tukaenda pale. Mlinzi alikuwa Komeo. Jina lake halisi silijui hata leo, sote ng'ambo tunamwita hivyo, jamaa mrefu mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Akasema tuzunguke. Nikamwambia mtu anakufa. Akamtazama mume wangu, akaingia kwenye kibanda chake, akanyanyua simu. Nilimsikia kupitia kidirisha cha kibanda akisema, "Mkurugenzi, huyu hali yake mbaya." Akasikiliza. Alipotoka hakunitazama usoni. Alisema tena kwa sauti ndogo tuzunguke, na tukazunguka, na mume wangu akakata roho kwenye kona ya ukuta, kabla hatujauona mlango wa nyuma.

Habari ya simu nilimweleza dada siku ile ile ya msiba, nikilia. Baada ya hapo sikuwa na haja nayo. Simu haina uso. Komeo alikuwa na uso, na nilipita karibu nao kila siku nikienda kazini. Nilipomwigiza pale ukumbini nilikuwa namwigiza yeye, na kila tusi nililolitoa nilikuwa namtupia yeye. Watu wakadhani nina kipaji.

Maandamano yalianza kipindi cha jua kali na yakaendelea hadi mvua. Kila asubuhi wenzangu walisimama mbele ya lango, Komeo akawaambia wazunguke, wakakataa, wakasimama mpaka saa ya kazi ikapita, kisha wakazunguka. Waliochelewa walikatwa mshahara. Wengine waliachishwa. Mchungaji wetu alihubiri juu ya subira kwa namna ya mtu anayeogopa kupoteza jiko la kanisa lililotolewa na hospitali. Komeo aliwahi kumsukuma dada akaanguka kwenye dimbwi, na dada akainuka, akakamua sketi, akamuuliza mama yake anaendeleaje na miguu. Nilipoambiwa hivyo nilikuwa nakula, nikasukuma sahani.

"Miguu ya mama yake inakuhusu nini?" nikamuuliza jioni.

"Inamuuma," akasema. "Aliniambia mwenyewe wiki iliyopita."

"Mume wangu alikufa, dada. Kwa mtu huyo unayemuuliza habari za miguu."

"Najua alikokufa. Mimi ndiye niliyemwosha uso."

Ukigombana na dada yangu ndivyo inavyokuwa. Hapandishi sauti, na wewe unabaki umeishika hasira yako hujui uiweke wapi.

Halafu siku moja, bila mtu kutarajia, Mkurugenzi akatuita. Wizara ilikuwa inaleta wageni kukagua hospitali na habari zetu zilikuwa zimewafikia. Alikuja mwenyewe hadi chumba cha kufulia, mtu wa tabasamu na suti ya kijivu, akasimama kati ya mashine akijaribu kutogusa kitu. Alisema amesikitika sana. Alisema hospitali haijawahi kuwa na amri ya kumzuia mtu yeyote kutumia lango lolote, ila kuna mlinzi mmoja ambaye, kwa chuki zake binafsi, amekuwa akijitungia sheria. Mlinzi huyo atafukuzwa na kushtakiwa. Lango litakuwa wazi kwa wote kuanzia Jumatatu. Kilichobaki ni mjane wa marehemu aje mbele ya wageni aeleze ni nani aliyemzuia mumewe, basi, jambo likwishe.

Watu walipiga makofi. Babu Toroli alilia. Na hapo ndipo nilipoona kosa letu. Miezi yote ile tulikuwa tumejifunza kutukanwa na kusukumwa. Kupewa hatukujifunza. Hakuna Jumamosi hata moja niliyosimama mbele ya wenzangu na tabasamu na suti, nikawapa walichokuwa wanakitaka ili nione watafanya nini. Angekuja na rungu, kila mmoja angejua mikono yake iwe wapi. Alikuja na lango, na mikono yote ikapiga makofi, pamoja na yangu.

Mikono ya dada peke yake haikusogea.

Jioni hiyo nilimkuta jikoni kwake anaosha vyombo. Nilikuwa nimekuja na furaha yangu yote, nilikuwa nimeshamwona Komeo katika kizimba cha mahakama na kofia yake mkononi. Dada hakugeuka.

"Na simu?" akauliza.

"Simu gani?"

"Mdogo wangu."

Nikakaa. Nilijua simu gani, na nilijua alikokuwa anakwenda, na damu ikanipanda kabla hajafika.

"Utakwenda kusema nini mbele ya wale wageni?" akaniuliza.

"Nitasema Komeo alimzuia mume wangu. Ni uongo?"

"Si uongo. Ni nusu."

"Nusu inatosha kufungua lango."

"Italifungua Jumatatu. Wageni wakiondoka Ijumaa, atawekwa Komeo mwingine pale, simu itakuwa palepale, na aliye upande wa pili wa simu atakuwa palepale. Na tutakuwa tumekubali sisi wenyewe kwamba hakukuwa na amri. Utamwambia nini mjane atakayefuata?"

"Kwa hiyo nimtetee. Mimi. Huyo."

"Sijasema umtetee. Useme kilichotokea."

Nikasimama. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyarudia yote. Nilimwambia upendo wake ni wa kuwapelekea watu wa nje, wa ndani tunakula makombo. Nilimwambia Yesu alikuwa na mahali pa kurudi, mimi nimerudi kwenye kitanda kitupu. Nilimwambia ampende Komeo yeye mwenyewe kama moyo wake una nafasi, marehemu alikuwa mume wangu, si wake. Hapo alifunga bomba la maji na kunigeukia, na nikaona kwamba alikuwa amechoka, amechoka sana, macho yamemwingia ndani.

"Sikuambii umpende," akasema. "Nakuambia usimsingizie."

"Huo ndio upendo wenyewe? Usimsingizie?"

"Tuanzie hapo. Mimi mwenyewe sijafika mbali zaidi ya hapo. Unafikiri namuuliza habari za mama yake kwa raha? Kila nikimuuliza namwona shemeji yangu kwenye mkokoteni. Nauliza hivyo hivyo, maana nikiacha kuuliza nitabaki na mkokoteni peke yake." Akajifuta mikono. "Na usiniambie habari za tumaini, najua utaniambia. Watu wanadhani nina tumaini kwa sababu sijachoka. Ningekuwa sijachoka ningelihitaji la nini?"

Niliondoka bila kuaga. Nilitembea kandokando ya mfereji nikiongea peke yangu mpaka watoto wakanicheka. Nilikuwa nimeamua. Ningesema nusu yangu na Komeo angekwenda alikostahili, na dada angebaki na mahubiri yake.

Siku ya wageni walinikaribisha kupitia lango la mbele. Lilikuwa wazi, limepakwa rangi. Niliingia katika ukumbi wa mikutano, wageni wa wizara wamekaa mezani na chupa zao za maji, Mkurugenzi pembeni, watu wetu wamejaa nyuma na nguo zao za Jumapili. Komeo alisimama karibu na dirisha, kofia mkononi kama nilivyotaka. Alikuwa amekonda. Nilimtazama nipate hasira ya kutosha, na hasira ikaja, haikuniangusha.

Mgeni mwanamke akaniambia kwa upole, "Mama, pole sana. Tueleze, ni nani aliyemzuia mume wako?"

"Mlinzi," nikasema, nikamnyooshea kidole.

Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa masikitiko. Yule mama akaanza kuandika. Ilikuwa imekwisha, nilitakiwa kukaa tu. Sikukaa. Nilijaribu kukaa na miguu ikakataa, na nilimchukia dada yangu wakati ule kuliko nilivyomchukia Komeo.

"Kwanza alipiga simu," nikasema. "Alimwambia Mkurugenzi mgonjwa hali yake mbaya. Nilisikia kwa masikio yangu. Akaambiwa hapana, ndipo akatuambia tuzunguke."

Mkurugenzi akasema kwa sauti ya huruma kwamba majonzi humchanganya mtu, na kwamba hamlaumu mama huyu hata kidogo. Akamgeukia Komeo.

"Wewe. Uliwahi kunipigia simu kuhusu mgonjwa huyo?"

Nikamtazama Komeo. Wote tulimtazama. Nilikuwa nimempa jambo ambalo hata mama yake mzazi asingethubutu kuniomba nimpe, na nilichotaka ni aitikie tu. Akaizungusha kofia mkononi.

"Sikumbuki, Mheshimiwa," akasema.

Basi. Wageni walinong'onezana, wakasema maelezo yanapingana, uchunguzi utafanyika, na hadi hapo mambo yabaki kama yalivyokuwa. Mambo yabaki kama yalivyokuwa. Komeo alirudishiwa kazi yake siku hiyo hiyo, maana kumfukuza sasa kungeonekana vibaya. Sisi tuliondoka kwa mlango wa nyuma.

Nje Babu Toroli alinisubiri. Hakuwa na mzaha safari hii. "Lango lilikuwa mkononi mwako, mama," akasema. "Ukaliachia." Wengine wakanipita. Nilimtafuta dada nimmalize, na nilipomwona nikaanza hapo hapo barabarani: haya, nimesema kweli yako, kweli imetufikisha wapi? Amekana. Nimemvua kamba shingoni na amekana. Upendo wako huo umetunyang'anya lango, na mimi umeninyang'anya hata mtu wa kumchukia vizuri.

Dada alisikiliza yote. Kisha akasema, "Kesho tutakwenda tena. Nataka uwe mbele."

Nilicheka, kicheko kibaya. "Na mikono yangu?"

"Nimeiona leo. Ilikuwa imeshika ukingo wa meza."

Sikulala vizuri na sikumwahidi kitu. Asubuhi nilikwenda kwa sababu ya hasira, nataka hilo lieleweke, sikwenda kwa sababu ya jambo lolote zuri zaidi. Tulikuwa wachache. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, wengi waliojaa ukumbini jana walikuwa wamepitia nyuma na kuwahi kazini. Babu Toroli alikuja, amenuna. Dada alinisogeza mbele kisha yeye akasimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake.

Komeo alitoka kibandani. Alipoona ni mimi akasimama. Rungu lilikuwa kiunoni, hakuligusa. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka darajani, na mnajua nikiandaa maneno yanakuwaje. Yalikuja mpaka mdomoni. Lakini nilipomtazama karibu hivyo, niliona mtu ambaye hakulala kama mimi, na maneno yote yale nilikuwa nimeshayasema ukumbini Jumamosi nyingi, kwa watu wasio na kosa. Nilikuwa nimechoka kuyasema. Nilitaka jambo moja tu.

"Kaka," nikasema. Sijui nilikolitoa. "Sikuombi ufungue. Nakuomba upige simu."

Mvua ikaendelea. Gari la daktari likaja, akalifungulia, likapita, akafunga. Akarudi pale pale. Akanitazama, akamtazama dada nyuma yangu, akatazama madirisha ya ghorofani, iliko ofisi ya Mkurugenzi. Nikadhani atasema tuzunguke, na nikajiambia akisema tuzunguke nitasimama tu, na kesho nitakuja tena kumuomba, na nilishangaa kujisikia nikijiambia hivyo.

Aliingia kibandani. Mlango wake hufungwa kila anapoingia. Safari hii aliuacha wazi, akanyanyua simu akiwa amesimama mlangoni, waya umenyooka, uso wake kwetu sote.

"Mkurugenzi," akasema kwa sauti kubwa, mpaka waliokuwa wakipita barabarani wakageuka. "Watu wa ng'ambo wako langoni. Naomba ruhusa niwafungulie." Akasikiliza. "Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa hiyo nisiwafungulie. Na yule mgonjwa wa mkokoteni, siku ile niliyokupigia, nilifanya ulivyoniambia, siyo?" Akaitoa simu sikioni na kuitazama, ilikuwa imekatwa.

Akaivua ile kofia.

"Nimeambiwa nisifungue," akatuambia. "Mkurugenzi ndiye amesema. Leo na siku ile."

Nyuma yangu mtu alianza kulia, nadhani ni Babu Toroli. Mimi sikulia, na sikumsamehe Komeo, na lango halikufunguliwa asubuhi ile. Nilisimama mvuani mikono ikiwa chini, nikitazama madirisha ya ghorofani, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu nilijua ni nani ninayemsubiri.